Hofu ya Asiye na Silaha: Funzo la Michezo ya Video ya Kutisha kwa Wodi ya Hospitali

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji anatarajiwa kueleza kwa nini mchezo wa video usio na mapigano unaweza kutisha kuliko wenye silaha. Kutaja mambo yanayokuza hofu mwilini na akilini. Kuyatambua mambo hayohayo katika mazingira ya hospitali. Na kuchukua hatua rahisi za kuyapunguza, awe mhudumu wa afya au mgonjwa.

Utangulizi

Katika michezo mingi ya video ya kutisha, mchezaji hupewa bunduki, panga au walau rungu, na kazi yake huwa ni kuwaangamiza wanaomvamia. Ipo hata hivyo aina moja ambamo hapewi chochote. Akikutana na kiumbe cha kutisha hana budi kukimbia, kujifungia kabatini, au kujibanza gizani na kungoja kipite. Hakuna vita vya kushinda. Kuna kunusurika tu. Methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio ingeweza kuwa kanuni ya kwanza ya michezo hiyo.

Mtu angedhani kwamba mchezo ambao kazi yake kubwa ni kujificha ungechosha upesi. Kinyume chake, michezo ya namna hiyo huhesabiwa na wachezaji wengi kuwa miongoni mwa inayotisha zaidi. Sababu zake zinawahusu hata watu wasiocheza kabisa, kwa kuwa yale yanayomtia hofu mchezaji ndiyo yanayomtia hofu mgonjwa aliyelazwa. Mchezoni yamepangwa kwa makusudi na watu wanaoifahamu vyema hofu. Wodini hujitokeza yenyewe, bila mtu yeyote kuyakusudia. Tena mchezaji anaweza kuzima kompyuta na kwenda kulala, lakini mgonjwa hana pa kuzimia.

Mfano: ngome ya Brennenburg

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni mchezo uitwao Amnesia: The Dark Descent, uliotolewa mwezi Septemba 2010 na kampuni ndogo ya Uswidi, Frictional Games. Kisa chake kimewekwa mwaka 1839 katika ngome ya Brennenburg, nchini Prussia. Kijana Mwingereza aitwaye Daniel anazinduka akiwa hakumbuki lolote isipokuwa jina lake na mambo machache. Mchezaji humwongoza kupita vyumba vya giza akiwa na taa ya mkono ambayo mafuta yake hayatoshi.

Watengenezaji hawakuondoa silaha kwa kubahatisha. Katika mchezo wao wa mwaka 2007, Penumbra: Overture, mchezaji aliweza kupigana kwa nyundo au sururu. Katika ule uliofuata mwaka 2008, Penumbra: Black Plague, mapigano hayo yaliondolewa. Kufikia Amnesia, kutokuwa na silaha kulikuwa ndio msingi wa mchezo mzima. Wazo lenyewe lilikuwa na watangulizi: mwaka 1995 mchezo wa Kijapani Clock Tower ulimfanya mchezaji kuwa msichana anayemkimbia mwuaji mwenye mkasi mkubwa.

Kiini cha ufanisi wa Amnesia kimo katika mtego mmoja. Daniel akikaa gizani, akili yake huanza kuvurugika: picha huyumba, meno husikika yakisagana, wadudu huonekana wakitambaa juu ya skrini. Akiwasha taa hupata nafuu, lakini mwanga humfichua kwa viumbe vinavyomwinda. Giza ni maficho na papo hapo ni maradhi. Mwanga ni dawa na papo hapo ni hatari. Hata kumtazama adui humdhuru, kwani akili huvurugika zaidi kadiri anavyomkodolea macho. Kwa hiyo mchezaji hugeuza uso, na asichokiona hukijaza kwa mawazo yake mwenyewe.

Milango nayo imetumika kwa ustadi. Haifunguki kwa kubonyeza kitufe. Mchezaji hushika mlango kwa kipanya cha kompyuta na kuuvuta au kuusukuma, kama afanyavyo mtu kwa mkono wake. Akiwa mtulivu anaweza kuufungua kidogo na kuchungulia. Anapofukuzwa, huuvuta mlango unaotaka kusukumwa, na kitendo alichokifanya mara hamsini bila shida humshinda. Mhudumu yeyote wa afya aliyewahi kuhangaika kufungua kichupa cha dawa wakati wa dharura anafahamu jambo hilo.

Kinachotokea mwilini

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Alionyesha kwamba mnyama aliyekabiliwa na hatari huandaliwa na mwili wake kupigana au kukimbia. Leo tunafahamu kwamba ndani ya ubongo sehemu ndogo iitwayo amigdala hushiriki kuitambua hatari na kupeleka taarifa kwenye haipothalamasi. Kutoka hapo mfumo wa neva wa simpathetiki huamshwa, na tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, mboni za macho hutanuka, viganja hutoka jasho, na sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu. Baadaye kidogo homoni ya kotisoli huongezeka pia na kuuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu zaidi.

Mwili haungoji kuthibitishiwa kwamba hatari ni ya kweli. Mchezaji anajua fika kwamba ameketi sebuleni na kwamba kilicho mbele yake ni picha, lakini moyo wake humdunda vilevile.

Mchezo wenye silaha huipa nguvu hiyo mahali pa kwenda. Adui hutokea, mchezaji hufyatua risasi, adui huanguka, na hofu hugeuka kuwa hisia ya ushindi. Mchezo usio na silaha hufunga njia ya kupigana na kuibana njia ya kukimbia. Mara nyingi kinachosalia ni jibu la tatu la mwili, yaani kuganda: kutulia tuli, pumzi ikiwa imezuiwa na masikio yamesimama, huku mwili mzima ukiwa tayari kwa kitendo ambacho hauruhusiwi kukitenda.

Nguzo za hofu

Nguzo ya kwanza ni kutojua. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College London, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa njia ya mchezo wa kompyuta. Watu 45 waliojitolea walitakiwa kukisia kama chini ya jiwe pana nyoka. Kila nyoka alipoonekana, mshiriki alipigwa shoti ya umeme yenye maumivu mkononi. Msongo, uliopimwa kwa maelezo yao, kwa jasho na kwa upana wa mboni, ulifikia kilele pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwa hakika kwamba ataumizwa alikuwa na msongo mdogo kuliko aliyekuwa hajui. Mchezo mzuri wa kutisha humweka mchezaji palepale, kwenye nusu kwa nusu: hatua zinasikika ghorofani, lakini huenda ni upepo.

Nguzo ya pili ni kukosa udhibiti. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alifanya majaribio kwa panya waliopigwa shoti za umeme zilizolingana kabisa. Panya waliotangulizwa mlio wa tahadhari walipata vidonda vya tumbo vichache kuliko wale walioshtukizwa. Vilevile, panya aliyeweza kuzungusha gurudumu na kukatiza shoti aliumia kidogo kuliko mwenzake aliyepata shoti ileile bila gurudumu lenye kazi. Umeme ulikuwa mmoja. Madhara yalitofautiana kwa kujua na kuweza.

Nguzo ya tatu ni kupungukiwa na hisi. Binadamu ni kiumbe wa mchana, na majaribio yamethibitisha kwamba hushtuka kwa nguvu zaidi anapokuwa gizani. Macho yakikosa kazi, masikio huchukua zamu yote. Ndiyo maana Amnesia humshauri mchezaji acheze gizani akivaa hedifoni. Katika sehemu moja ya ngome iliyofurika maji yumo kiumbe asiyeonekana kabisa. Mchezaji huona maji yakiruka tu, chapa kwa chapa, yakimkaribia. Hakuna sura iliyochorwa, na huenda hakuna sura ambayo ingetisha kiasi hicho.

Nguzo ya nne ndiyo inayosahauliwa mara nyingi: tumaini dogo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walieleza kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia hawakujaribu kujinusuru hata walipowekwa baadaye mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Wengi wao walilala chini wakavumilia. Mtu aliyenyang'anywa kila uwezo haendelei kuogopa milele. Hufika mahali akakata tamaa, na kwa mchezaji kukata tamaa maana yake ni kuuacha mchezo. Watengenezaji wa Amnesia walilizingatia hilo. Daniel hana upanga, lakini ana taa, ana milango ya kufunga na makabati ya kujifichia. Akiuawa, mara nyingine kiumbe kilichomuua huondolewa au huhamishwa anaporudi, ili asilazimike kurudia kosa lilelile hadi achoke.

Kipimo cha hofu, basi, ndicho kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark waliwafuatilia watu 110 waliotembelea nyumba ya burudani ya kutisha, wakapima mapigo ya moyo na kuuliza kila mmoja aliogopa na kufurahi kiasi gani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba furaha hupanda pamoja na hofu hadi kufikia kilele, kisha hofu ikizidi furaha huporomoka.

Kutoka ngomeni hadi wodini

Sasa na atazamwe mgonjwa anayengoja upasuaji kesho asubuhi. Amevuliwa nguo zake na kuvikwa gauni lisilo lake. Ameambiwa asile wala asinywe, pengine bila kuelezwa sababu. Taa zimezimwa isipokuwa moja mbali mlangoni. Mahali fulani mashine inalia na hajui kama inalia kwa ajili yake. Magurudumu ya kitanda yanapita kwenye korido, na mtu wa kitanda cha jirani hakurudi jioni. Huenda amehamishiwa wodi nyingine, huenda sivyo. Hajui ataitwa saa ngapi. Hana la kufanya ila kulala chali na kusikiliza.

Nguzo tatu za kwanza zipo zote: hajui, hawezi, haoni. Na iwapo hatapewa walau tumaini dogo la kutenda jambo kwa ajili yake mwenyewe, atakuwa karibu zaidi na mbwa wa Seligman na Maier kuliko na mchezaji. Mgonjwa aliyetulia kimya hivyo husifiwa kuwa hana usumbufu. Ukimya wake hauthibitishi kwamba haogopi.

Hofu hiyo ina gharama kwa mwili. Huinua shinikizo la damu, hukatisha usingizi na hufanya maumivu yahisiwe kuwa makali zaidi. Mgonjwa mwenye hofu pia husikia nusu ya maelezo na kusahau nusu iliyobaki.

Dawa yake haihitaji bajeti. Mwaka 1964 Lawrence Egbert na wenzake katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Kundi moja lilielezwa na daktari wa usingizi, kabla na baada ya upasuaji, kwamba watapata maumivu, yatakuwa wapi, yatadumu muda gani, na namna ya kulegeza misuli ya tumbo na kujigeuza kitandani ili kuyapunguza. Kundi lingine halikupewa maelezo hayo kuhusu maumivu. Waliopewa maelezo walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu, na waliruhusiwa kwenda nyumbani wastani wa siku 2.7 mapema, ilhali madaktari wapasuaji waliotoa ruhusa hizo hawakujua nani yuko kundi gani. Kisu kilikuwa kilekile. Kilichoongezwa ni kujua na kuweza.

Hatua kwa mhudumu wa afya

Hatua ya kwanza ni kutangulia kusema. Muuguzi wa zamu ya usiku anayetumia dakika moja kwa kila kitanda anaondoa sehemu kubwa ya giza. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Mimi ndiye muuguzi wako usiku huu. Saa sita nitakuja kukupima presha, kwa hiyo usishtuke ukiona mwanga wa tochi. Mashine hii ikilia, mara nyingi ni ule waya wa kidoleni umechomoka, nitakuja kuurudisha. Meza yangu ni ile pale penye taa. Ukinihitaji, gonga kitanda kwa kijiko, nitasikia."

Hatua ya pili ni kuitaja sauti na hisia kabla haijatokea, bila kudanganya. Kumwambia mtoto kwamba sindano haiumi ni kumfundisha kwamba anayevaa koti jeupe hatabiriki. Inafaa zaidi kumwambia kwamba itauma kama kung'atwa na siafu, kisha kuhesabu pamoja naye hadi tatu.

Hatua ya tatu ni kumpa mgonjwa kitufe cha kusimamisha. Madaktari wengi wa meno humwambia mgonjwa ainue mkono akitaka kazi isimame kidogo. Mfano huo unaweza kuigwa wakati wa kusafisha kidonda au kutoa damu: "Mzee, ukiinua mkono nitasimama, utapumua, kisha tutaendelea." Ahadi hiyo itolewe pale tu inapoweza kutimizwa, na ikishatolewa iheshimiwe.

Hatua ya nne ni kumwachia jambo la kufanya: kuchagua mkono wa kuwekewa dripu, kushika pamba mahali palipochomwa, kufanya mazoezi ya kuvuta pumzi. Mambo haya huonekana madogo. Hata taa ya Daniel ni ndogo.

Hatua kwa mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa anayo haki ya kuuliza maswali matatu: nini kitafanyika, lini, na nitahisi nini. Akiona aibu, ndugu amuulizie. Akisahau majibu, aulize tena bila kuomba radhi.

Pumzi nayo ni chombo alicho nacho kila mtu. Kuvuta hewa taratibu kwa pua na kuitoa taratibu zaidi kwa mdomo, kwa dakika chache, husaidia kupunguza kasi ya moyo. Mchezo uitwao Nevermind, uliotolewa mwaka 2015 na timu ya Erin Reynolds nchini Marekani, umejengwa juu ya ukweli huo. Kihisio hupima mapigo ya moyo ya mchezaji. Anapojawa na hofu mchezo huwa mgumu zaidi, na anapojituliza hulegea. Wasio na kihisio wanaweza kujizoeza vilevile wakiwa wamelala kitandani.

Tahadhari kwa wachezaji

Michezo ya kutisha si ya kila mtu. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga anapaswa kujihadhari na picha zinazomweka kwa kasi. Mnamo Desemba 1997 watoto wapatao 685 nchini Japani walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni ya televisheni yenye mwanga wa namna hiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo unaovurugwa na mshtuko azungumze kwanza na daktari wake. Aliyepitia vita, ajali au ukatili anaweza kurudishiwa na mchezo kile alichokikimbia, kwani aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watoto wasiachiwe michezo iliyowekewa alama ya watu wazima, na hata mtu mzima asiicheze muda mfupi kabla ya kulala ikiwa usingizi wake ni wa shida.

Ipo pia tahadhari ya aina nyingine. Baadhi ya michezo hii huazima hofu yake kwa wagonjwa. Outlast, mchezo maarufu wa mwaka 2013 kutoka Montreal, Kanada, humweka mwandishi wa habari asiye na silaha ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili, ambamo wanaomwinda wengi wao ni wagonjwa. Kiufundi ni mchezo uliotengenezwa kwa umahiri. Lakini kijana aliyekulia kwenye picha hizo anaweza kuchelewa kuomba msaada siku akili yake mwenyewe itakapohitaji matibabu. Ni vyema mhudumu anayezungumza na vijana alitaje jambo hilo waziwazi: mgonjwa wa akili si jitu la gizani, na mara nyingi yeye ndiye mwenye hofu.

Hitimisho

Mchezo wa kutisha usio na mapigano hufanikiwa kwa kumnyima mtu maarifa, uwezo na mwanga, kisha kumwachia tumaini dogo linalomfanya aendelee kusonga mbele. Mchezaji huyafurahia mateso hayo kwa sababu ameyachagua na anaweza kuyakomesha. Mgonjwa hakuchagua. Kumweleza kitakachotokea, kumpa cha kufanya na kumruhusu kusema "subiri" ni kumrudishia vile ambavyo watengenezaji wa michezo huviondoa kwa makusudi. Huduma hiyo haimo kwenye orodha ya dawa, lakini kila zamu inaweza kuitoa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu asiyejua kama ataumizwa anaweza kuwa na msongo kuliko anayejua kwa hakika?
2. Taja sauti tatu za wodi yako ambazo mgonjwa mgeni hawezi kuzielewa. Utamweleza nini kuhusu kila moja?
3. Ni tendo gani la tiba unalolifanya kila siku ambalo mgonjwa angeweza kupewa ishara ya kulisimamisha?
4. Mgonjwa aliyetulia kimya usiku kucha atatofautishwaje na aliyekata tamaa?